Kila Nyumba Imwandike Mtu Wake

Ndugu zangu wa Ilala, na ninyi nyote mnaoshuka Kariakoo kila alfajiri kutafuta riziki, naomba tuzungumze kidogo habari za mtu wetu mmoja. Alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Alifariki Ujerumani tarehe 24 Novemba 1944, akiwa mfungwa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wangapi kati yetu tumewahi kulisikia jina lake?

Jina alilozaliwa nalo ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Huko Berlin, mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa uitwao Brunnenstraße, tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo lenye kibamba cha shaba, limepachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Jina lake liko pale. Mtoto wa Berlin akienda shule anaweza kulisoma. Mtoto wa Ilala atalisoma wapi?

Siulizi hivyo ili kumlaumu mtu. Watu wa mji huu wana shughuli nyingi, na siku ina saa zile zile kwa kila mmoja. Nauliza kwa sababu nina ombi kwa kila nyumba. Ombi lenyewe ni jepesi, halihitaji kibali cha ofisi yoyote, na gharama yake haizidi daftari na kalamu. Lakini kwanza mnivumilie, nimweleze mtu huyu, maana ombi langu linatoka ndani ya maisha yake.

Baba yake alikuwa mgeni katika nchi hii. Alikuwa Msudani, askari wa jeshi la Wajerumani, mwenye cheo cha efendi. Wasudani kama yeye walianza kuletwa pwani yetu mwaka 1889, pale afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipoandikisha mamia ya askari kule Cairo, na wengine Msumbiji, waje kupigana na Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani. Wengi wao hawakurudi tena kwao. Walioa huku, wakazaa huku, wakazikwa huku. Watoto wao wakacheza na watoto wa Wazaramo, wa Wamanyema na wa Washomvi, wakawa watoto wa mji.

Mahjub alikuwa mmoja wa watoto hao. Alijifunza Kijerumani mapema, akafanya kazi ya ukarani huko Lindi angali mdogo. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 10. Miaka 10, ndugu zangu! Huyo kwetu leo ni mtoto wa darasa la nne, bado mama yake anamkagua kucha asubuhi. Akaingia jeshini pamoja na baba yake.

Oktoba 1917 yalitokea mapigano makali Mahiwa, katika mkoa wa Lindi wa leo. Upande wa Waingereza walikuwapo askari kutoka Nigeria, vijana waliosafirishwa kutoka Afrika Magharibi kuja kufa katika misitu ya kusini mwa nchi yetu. Upande wa Wajerumani walikuwapo vijana wetu. Je, walikuwa na ugomvi gani wao kwa wao? Mahjub alijeruhiwa, akaangukia mikononi mwa Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Vita vilipokwisha alitafuta kazi kama kijana yeyote wa pwani: akaenda baharini, akawa mhudumu katika meli. Mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda kudai mshahara wa vita, wa kwake na wa baba yake, ambao hawakulipwa. Serikali ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa kudai umepita.

Hebu jiweke mahali pake. Umesafiri bahari yote hiyo kufuata haki ya mzee wako, unaambiwa muda umepita. Ungefanya nini?

Yeye alibaki. Alipata kazi ya kuhudumia wageni katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe na chakula katikati ya Berlin. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji huo, kwa malipo madogo. Maana yake, Wajerumani waliokaa darasani mwake walikuwa wakijifunza lugha yetu kwa ulimi wa mtu wa Dar es Salaam. Akaigiza pia katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi akipewa nafasi ya mtumishi.

Januari 1933 alifunga ndoa na mwanamke aitwaye Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler alishika madaraka. Kuanzia hapo milango ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa mstari wa mbele wa vita vile vya kwanza, akanyimwa. Mwaka 1935 alipoteza kazi yake ya uhudumu kwa sababu ya rangi yake. Watoto aliozaa na Maria walifariki wakiwa wadogo. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea tena kuingia jeshini, akakataliwa.

Filamu yake ya mwisho ilihusu Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu. Ilitoka mwaka 1941. Mwaka huo huo polisi wa siri wa Hitler walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo watawala wale walilihesabu kuwa aibu kwa taifa lao. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alifungwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akakaa humo miaka mitatu, na humo ndimo alimofia. Alikuwa na miaka 40.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa kuliko yote.

Habari hizi zote tumezipata wapi? Zimetoka katika mafaili ya serikali iliyomkatalia mshahara, ya ofisi zilizomnyima nishani na ya polisi waliomfunga. Zimetoka katika filamu zilizomfanya mtumishi. Mtafiti wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alizikusanya kwa subira, akaandika kitabu cha maisha yake, nasi tunamshukuru. Lakini tazameni wenyewe. Tunajua alichoandika karani kuhusu mtu wetu. Tunajua polisi walimshtaki nini. Je, tunajua alipenda chakula gani? Tunajua alimwita mama yake kwa jina gani la mapenzi? Tunajua alikuwa akicheka vipi?

Mtu asipoandikwa na wa nyumbani kwake, ataandikwa na waliomtumia. Nao wataandika kile tu walichokihitaji.

Ndugu zangu, soko letu lenyewe limesimama juu ya habari za namna hii. Wengi mnajua kwamba Waingereza walipouteka mji wetu Septemba 1916, walilifanya eneo hili kuwa kituo cha kikosi chao cha wapagazi, na jina la kikosi hicho ndilo lililotuachia Kariakoo. Wapagazi hao ndio walioibeba vita ile vichwani. Ng'ombe na punda walikuwa wakifa kwa ndorobo, barabara hazikuwapo, kwa hiyo unga, risasi na dawa vilitembea juu ya vichwa vya watu kutoka bahari hadi bara. Kwa makadirio, upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Walikuwa nani? Walitoka Usukuma, Ugogo, Unyamwezi, Uzaramo, Kenya, Uganda, Kongo. Kila mmoja alikuwa na mama aliyemngoja.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza wakiitumikia Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Askari wa shaba anayesimama katikati ya Barabara ya Samora tangu mwaka 1927 amewekwa kwa ajili yao wote, na kwa sababu ni wa wote, hana jina la yeyote.

Tume imeomba radhi, na ni vyema. Lakini tume itayatoa wapi majina ambayo haikuyaandika? Mengine yapo. Yako katika vifua vya wazee wetu wa Buguruni, Gerezani, Mchikichini na Vingunguti. Yako katika majina waliyopewa wajukuu. Yako katika picha iliyokunjamana ndani ya sanduku chini ya kitanda cha bibi.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali hatimaye kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai, wazee zaidi ya 300 walijitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Wengine hawakuwa na kitu. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio mkononi, akaanza kuamuru kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Hakuna mzee aliyekosea.

Habari hiyo inafurahisha na kutia huzuni kwa pamoja. Karatasi ilikuwa imepotea, mwili ukakumbuka. Lakini aliyekwisha kufa angewezaje kuushika ufagio? Mjane wake angethibitisha kwa nini?

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana msemo wao, na ni wa kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa tunaandika khanga ngapi zimetoka na mifuko mingapi ya mchele imeingia, tushindwe kuandika watu wetu?

Wapo waliolifanya jambo hili, nao ni majirani zetu. Gerezani aliishi mzee Kleist Sykes. Naye alikuwa mtoto wa askari mgeni: baba yake, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji na kuja na jeshi lile lile la Wissmann. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapigana katika Vita Kuu upande wa Wajerumani, kisha akafanya kazi mjini hapa, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa walioanzisha African Association. Kabla hajafariki mwaka 1949, alikaa akaandika maisha yake.

Maandishi hayo yalitunzwa nyumbani. Miaka mingi baadaye mjukuu wake, Daisy, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akayatumia kuandika habari za babu yake, nazo zikachapishwa kitabuni mwaka 1973. Watoto wa Kleist, Abdulwahid na Ally, nao walikuwa wamekwenda vitani Burma katika vita vya pili, wakarudi, na mwaka 1954 wakawa miongoni mwa walioiunda TANU.

Waangalieni hawa wawili. Wote ni watoto wa askari waliotoka nje ya nchi hii. Wote walikulia katika nchi moja na kupigana vita vimoja. Mmoja tunamjua kwa kalamu yake mwenyewe na ya mjukuu wake. Mwingine tunamjua kwa kalamu ya waliomfunga. Familia yako ungependa ijulikane kwa kalamu ya nani?

Najua yuko msomaji anayejiuliza: kwa nini tuwakumbuke watu waliotumikia wakoloni? Si askari hao hao waliomfuata Mkwawa, wakachoma mashamba wakati wa Maji Maji?

Swali hilo ni la haki, na halipaswi kunyamazishwa. Askari wa Wajerumani walishiriki mambo mabaya, na watu wengi sana walikufa kwa njaa baada ya vita vya Maji Maji. Kuandika habari za mtu hakumaanishi kuisifia bendera aliyoibeba. Maana yake ni kusema kweli: alizaliwa wapi, alichukuliwa vipi, alifanya nini, alifanyiwa nini. Zipo nyumba katika mji huu ambamo babu mmoja alikuwa askari na babu mwingine alikimbizwa na askari, na wajukuu wao wanakula sinia moja. Nyumba hiyo ina haki ya kuzijua habari zote mbili.

Sasa basi, tufanye nini?

Nianze na nyumbani. Kila nyumba iwe na daftari moja. Liwe daftari la kawaida, la kurasa nyingi, litunzwe pamoja na hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa. Humo tuwaandike watu wetu waliokwenda mbali: vitani, melini, migodini, mashambani, masomoni. Waliorudi na wasiorudi.

Tuandike nini? Tuandike majina yote ya mtu. Mmeona wenyewe kwamba Mahjub wa Dar es Salaam akawa Husen wa Berlin. Anayetafuta jina moja hatalipata lingine. Kwa hiyo andika jina la kuzaliwa, la dini, la utani, na lile aliloandikishwa kazini au jeshini. Andika alizaliwa wapi na aliondoka lini. Kama mwaka haujulikani, andika kilichokuwa kikitokea: mwaka wa njaa, mwaka wa mafuriko, mwaka aliozaliwa fulani. Andika nani alimwona mara ya mwisho. Andika na yale mambo madogo ambayo karani hayaandiki: alipenda nini, aliimba nini, aliogopa nini.

Nani ataandika? Kila nyumba ina kijana mwenye mwandiko mzuri na simu yenye kinasa sauti. Mwanangu, kaa na bibi yako Jumapili jioni. Usimhoji kama polisi. Mletee chai, muulize habari za utotoni mwake, uache azungumze. Atakapotaja jina usilolijua, muulize: huyo alikuwa nani kwetu? Rekodi sauti yake, kisha uiandike. Simu hupotea na kuharibika, daftari hukaa.

Nanyi wazee wetu, shikamooni. Tunajua yapo mengine ni machungu na hamkupenda kuyasema mbele ya watoto. Semeni mnayoweza. Watoto wenu wana nguvu ya kuyabeba, na ni afadhali wayasikie kwa vinywa vyenu kuliko wayakute kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Karatasi za zamani tuzitunze. Cheti cha jeshi, kitabu cha kodi, barua, nishani, picha: visichomwe siku ya kusafisha nyumba, wala visiuzwe kwa anayenunua vitu vya kale bila kujua thamani yake kwetu. Vipige picha, uviweke kwenye bahasha kavu mbali na mchwa na maji ya mvua. Wakazi wa Jangwani na wa bondeni Msimbazi wanajua mafuriko yanavyoweza kubeba historia ya familia kwa usiku mmoja. Mwenye hofu ya kupoteza anaweza kwenda kuomba ushauri kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Taasisi hizo ni zetu sote.

Nije kazini.

Mwalimu wa shule za Ilala, darasa lako liko karibu na Sanamu ya Askari kuliko darasa lolote la Tanzania. Wapeleke watoto asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Waambie habari za Mahjub, aliyekuwa na umri wao alipoingia vitani. Kisha wape kazi ya nyumbani: kila mtoto arudi na jina la mtu mmoja wa ukoo wake aliyekwenda mbali. Fikiria darasa la watoto 60 lirudi na majina 60!

Mwenye duka la vifaa vya kuandikia na kutoa fotokopi, akija mzee na cheti kilichochakaa, kigeuze taratibu, usikipitishe kwenye mashine ya kunyonya karatasi. Kama biashara inaruhusu, mtolee nakala moja ya ziada, abaki nayo.

Shehe, padri na mchungaji, mnapowaombea marehemu, wakumbusheni waumini kuyaleta na majina ya wasio na kaburi. Vitabu vya ndoa na ubatizo mlivyo navyo ni hazina. Visiliwe na wadudu stoo.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkutano wako ujao utakuwa na mambo ya taka, maji na ulinzi. Ongeza dakika chache. Waulize wananchi: mtaa wetu umepewa jina la nani, na alifanya nini? Mtaa wa Kipata leo ni Mtaa wa Kleist Sykes. Anayepita pale na mkokoteni kila siku ana haki ya kuelezwa ni kwa nini.

Na ndugu yangu mbeba mizigo wa Kariakoo, wewe unayepandisha marobota ghorofani na kuyashusha: kazi yako ina ukoo mrefu kuliko maghorofa haya. Watu wa kazi kama yako walilipa eneo hili jina, na majina yao yakapotea. Je, mwenzako mnayebeba naye kila siku unamjua kwa jina la baba? Unajua kwao ni wapi, na ikitokea ajali utampigia nani?

Hapo ndipo ninapotaka tufike na habari za leo, maana vita havijaisha duniani na vijana wetu hawajaacha kusafiri.

Januari 2023 serikali yetu ilitangaza kifo cha kijana Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma. Alifungwa huko, akaahidiwa kuachiliwa kama atakwenda kupigana Ukraine, akakubali, akauawa. Mwili wake uliletwa nyumbani, ukazikwa. Kijana mwingine kutoka nchi maskini, katika vita visivyo vya kwao. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu Mahiwa, na bado mtoto wa mtu anaweza kujikuta na bunduki mkononi kwa sababu hana njia nyingine.

Wazazi wenzangu, tusiwazuie watoto kwenda kutafuta maisha. Pwani hii imeishi kwa kwenda na kurudi. Lakini aondokaye aage, na anayebaki aandike. Kabla mtoto hajapanda ndege kwenda Oman, Urusi, China au Ulaya, baki na nakala ya pasipoti yake na ya mkataba wa kazi. Andika jina la mwajiri au chuo, anwani anakokaa, na namba ya rafiki mmoja aliye naye huko. Mwambie ajiandikishe ubalozini akifika. Mkubaliane siku ya kupigiana simu, na siku hiyo isipitishwe kwa sababu ya ugomvi mdogo.

Nawe kijana uliyeko mbali, ukikwama, sema mapema. Ukifungwa, ukinyang'anywa pasipoti, ukiahidiwa fedha nyingi ili ubebe silaha, piga simu nyumbani kabla hujaweka sahihi. Usione aibu. Hakuna mzazi wa Ilala atakayekuuliza fedha ziko wapi kabla ya kuuliza kama uko mzima.

Tuwakumbuke pia wageni walioko kwetu. Ilala ina ndugu kutoka Kongo, Burundi, Komoro, Yemeni, na mikoa yote ya nchi hii. Wengine wamekimbia vita. Wengine labda waliwahi kubeba bunduki wakiwa wadogo kama Mahjub, na hawasemi. Mwenye nyumba, unayo namba ya ndugu wa mpangaji wako? Akiugua usiku, unajua umwite nani? Muulize kwa upole, uandike. Na jina lake liwemo katika daftari la wakazi wa mtaa, lisiachwe kwa kuwa ni gumu kutamka.

Mahjub alikuwa mgeni wa mtu. Baba yake alikuwa mgeni wetu. Kila tunachomfanyia mgeni wa Kariakoo ndicho tunachotamani mwanetu afanyiwe kule alikokwenda.

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Naomba kabla ya siku hiyo kufika tena, kila nyumba inayosoma maneno haya iwe imeandika walau jina moja. Moja tu. Mwenye mengi aandike mengi. Siku yenyewe ikifika, baada ya chakula, mdogo kuliko wote anayejua kusoma asimame alisome jina hilo mbele ya wote, na wakubwa wamweleze lilikuwa la nani.

Majirani wakisikia, wataanza na wao. Mtaa ukianza, kata itafuata. Wataalamu wetu wa historia watapata pa kuanzia, walimu watapata cha kufundisha, na mtafiti wa ng'ambo akija kuuliza habari za mtu wetu atazipata kwa wenyewe.

Ndugu zangu, nani wenu aliyekwenda mbali? Daftari lianze na jina lake, na lianze leo.